Kabla hujanunua mausi nyingine, pima kiganja chako kwanza

Kuna kipindi nilikuwa naamka asubuhi vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, gumba, shahada na cha kati, naukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji ndo hisia zinarudi, nikajua labda nimeulalia vibaya. Siku ya pili hivohivo, wiki ya pili hivohivo. Kazi yangu ni ya majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, kuanzia asubuhi mpaka jioni nakliki, naskroli, naburuta, nakliki tena, na mausi niliyokuwa natumia nilipewa bure pamoja na laptopu, kadogo hivi, hata nusu ya kiganja hakajazi. Miaka miwili nimekashika na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama kananitosha. Kiatu tunakijaribu, tunatembea nacho hatua mbili tatu dukani ndo tunatoa hela, lakini mausi ambayo mkono unashinda nayo masaa nane tunachukua yoyote iliyo karibu.

Nilipoenda kwa daktari akaugeuza mkono juu, akagonga na kidole chake hapa ndani ya kifundo, taratibu tu, nikahisi kama shoti imepita mpaka kidole cha kati. Akanieleza kwamba pale kwenye kifundo kuna njia nyembamba, inapitisha kano tisa za kukunja vidole na mshipa mmoja wa fahamu, sasa kano zikivimba au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu ule mshipa unabanwa na vidole vinaanza ganzi. Akanipa kifaa cha kufunga usiku ili kifundo kisikunjike nikiwa nimelala, alafu akaniuliza, "Hebu nioneshe unashikaje mausi yako." Nikamuonesha kwenye meza yake, mkono umepinda kwenda juu, vidole vimejikunja, kiganja hakijagusa kitu. Akatikisa kichwa tu.

Sisemi kwamba mausi peke yake ndo ilinifanyia vile, wala sisemi kubadilisha mausi ni dawa. Ganzi ina sababu nyingi. Ila tangu siku ile nimejifunza mambo mengi kuhusu hiki kifaa, nimeshasaidia watu kadhaa kuchagua, na naona wengi tunaanzia pale pasipofaa, tunaanza na maandishi kwenye kasha, DPI ngapi (kipimo cha jinsi mausi inavyosoma msogeo, nitakieleza mbele), taa ngapi, betri miezi mingapi, wakati kitu cha kwanza kabisa ni mkono wako wenyewe una ukubwa gani na unashikaje. Hayo mengine yote yanakuja nyuma.

Anza na ile uliyonayo

Chukua mausi unayotumia sasa hivi, ipeleke kwenye mwanga wa dirisha uiinamishe kidogo. Utaona kuna sehemu zinang'aa, plastiki imesuguliwa mpaka ule ukwaruzo wake umelainika. Pale panapong'aa ndipo mkono wako unapokaa kweli, sio pale unapodhani unakaa. Yangu ya zamani ilikuwa inang'aa sehemu tatu tu, ncha ya kitufe cha kushoto na vidoa viwili pembeni, kimoja cha gumba kingine cha kidole cha pete. Nundu ya nyuma ilikuwa mpya kabisa kama imetoka kwenye kasha jana. Maana yake kwa miaka miwili kiganja changu hakijawahi kuegemea kitu, mkono ulikuwa unaning'inia hewani siku nzima na misuli ya juu ya mkono ndo inaubeba, na mi nikawa nashangaa bega linauma nini.

Kuna namna tatu ambazo watu wengi wanashika. Wapo wanaolaza kiganja chote, mkono umelala juu ya mausi kuanzia vidole mpaka chini ya kiganja, hawa wanahitaji mausi ndefu yenye nundu inayojaza mkono. Wapo wanaoshika kwa kukunja vidole kama kucha za mwewe, sehemu ya chini ya kiganja inagusa nyuma ya mausi ila vidole vimesimama, hawa mausi ya wastani inawafaa, nundu ikae nyuma zaidi. Na wapo wanaoshika kwa ncha za vidole tu, kiganja hakigusi kabisa, hawa mausi fupi na nyepesi ndo yao. Hakuna namna iliyo sahihi kwa kila mtu, ila kwa kazi za kukaa muda mrefu mi naona kulaza kiganja kunapumzisha mkono kuliko zote kwa sababu uzito wa mkono una mahali pa kwenda. Kitu kingine cha kujua, mausi ndogo inakulazimisha. We unaweza ukawa ni mtu wa kulaza kiganja kwa asili lakini umepewa kamausi kadogo basi vidole vinajikunja vyenyewe, na baada ya miaka unaamini ndo unavyoshika.

Upimaji wenyewe

Chukua rula. Fungua kiganja, vidole vikae pamoja vimenyooka, pima kuanzia ule mstari wa juu kabisa wa kifundo, pale kiganja kinapoanzia, mpaka ncha ya kidole cha kati. Ukipata chini ya sentimita 17 mkono wako ni mdogo, kati ya 17 na 19 ni wa wastani, ukizidi hapo ni mkubwa. Haya ni makadirio ya kukusaidia kuanza, sio kipimo cha hospitali.

Sasa chukua hiyo namba uzidishe kwa 0.6. Mkono wangu ni sentimita 19, kwahiyo napata 11.4, hapo ndo urefu wa mausi wa kuanzia kuutafuta. Kama unalaza kiganja ongeza sentimita moja hivi, kama unashika kwa ncha za vidole punguza moja. Nilivyopima kale kamausi kangu ka zamani kalikuwa na sentimita 9 na nusu, yani nilikuwa navaa kiatu cha mtoto miaka miwili.

Na tofauti zilizopo ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri, unaona zote zinafanana kwenye picha ila ukizishika ni vitu viwili tofauti. Logitech M185, ambayo wengi tumeshaigusa mahali fulani, ina urefu wa karibu sentimita 10 na kimo cha karibu 4. MX Master 3 ya kampuni hiyohiyo ina karibu sentimita 12 na nusu, kimo sentimita 5, na uzito wa gramu 141. Mtu mwenye mkono wa sentimita 16 ukimpa hiyo ya pili atakuwa anaivuta kama gari lililoharibika, na mtu mwenye mkono wa sentimita 20 ukimpa ya kwanza ndo atakuwa mimi wa zamani. Wote wawili watasema mausi mbaya, na mausi haina kosa lolote. Vipimo hivi karibu kila mtengenezaji anaviandika kwenye tovuti yake kwa milimita, kwahiyo hata kama unanunua mtandaoni bila kushika unaweza ukakata kipande cha karatasi chenye urefu na upana uleule ukakiweka chini ya mkono wako, angalau uone kidole cha mwisho kinaangukia wapi.

Na hicho kidole cha mwisho tukiangalie vizuri kwa sababu hakuna anayekisemea. Upana wa mausi uwe wa kutosha kidole cha pete na cha mwisho vipate mahali pa kukaa bila kubanana. Mausi ikiwa nyembamba, kidole cha mwisho kinaburuzwa mezani siku nzima, ngozi inakuwa ngumu pembeni, au unakinyanyua bila kujua na ukikinyanyua misuli ya upande wa nje wa mkono haipumziki. Angalia yako sasa hivi wakati unasoma. Kama kimenyanyuka hewani, mausi yako ni nyembamba kwako.

Dukani, au siku ya kwanza ukiwa nayo nyumbani

Ukipata nafasi ya kuishika kabla ya kununua, funga macho. Nasema kweli, funga macho, kwa sababu ukiitazama unaishika vile picha inavyokuelekeza. Ning'iniza mkono pembeni mwa mwili, ulegee kabisa, utaona vidole vinajikunja vyenyewe kidogo. Sasa upandishe hivohivo ulivyo ukauweke juu ya mausi. Kama vidole vimebaki na umbo lile la kulegea, umekaribia. Kama imebidi uvinyooshe au uvikunje zaidi ili vifike kwenye vitufe, iache.

Alafu kliki, sio mara moja, kliki kama mara 30 mfululizo, na ukliki kwa uzito wa kidole tu bila kukinyanyua. Vitufe vingine ni vigumu, huoni shida kwenye mara tatu za dukani, ila kazi ya siku moja ya majedwali ni maelfu ya kukliki. Kitufe kizuri kinashuka kwa urahisi na kinakuambia kimeshuka. Zungusha gurudumu la katikati muda mrefu, sikiliza kidole cha shahada kama kinachoka, na ulibonyeze pia kwa sababu kuna mausi ambayo gurudumu lake kulibonyeza ni kama kubonyeza ukuta. Kama kazi yako ina nyaraka ndefu, tafuta yenye gurudumu linaloweza kuachiliwa lizunguke lenyewe, unalipiga mara moja linakimbia mistari mia kadhaa, mi hicho kitu kimenipunguzia kazi ya kidole kuliko kitu kingine chochote kwenye mausi ninayotumia sasa.

Mwisho inyanyue. Tunanyanyua mausi mara nyingi kuliko tunavyodhani, kila ukifika ukingo wa pedi unainyanyua unairudisha. Kama inabidi ubane kwa nguvu gumba na kidole cha pete ili isiteleze basi pembeni pake pana mteremko mbaya au ni nzito. Za kawaida za ofisini zipo kati ya gramu 80 na 110 hivi, za gemu siku hizi zinashuka mpaka 60 na chini ya hapo. Kama ni ya betri kumbuka betri moja ya AA ya alkalini ina gramu kama 23, kwahiyo ikiwa inatumia mbili ni karibu gramu 46 za betri tupu unazoburuta, na ukiweka betri za lithiamu zisizochajiwa zinakuwa nyepesi, karibu gramu 15 kila moja. Nimeshamfanyia mtu hivo kwenye mausi aliyokuwa anaipenda ila inamchosha, hatukubadilisha kitu kingine.

Hapohapo niseme kuhusu mausi za gemu, watu wazima wanaziogopa wanaona ni za watoto kwa sababu ya taa. Nyingi zina maumbo mazuri sana, zinakuja kwa saizi tofauti, nyepesi, na taa zinazimika kwenye setingi. Usizipite.

Za kusimama na za mpira

Weka mkono wako mezani kiganja kikitazama chini, kama unavyoshika mausi ya kawaida, uache hivo dakika moja. Sasa ugeuze uwe kama unampa mtu mkono wa salamu. Umesikia ule mkazo ulivyoondoka juu ya mkono? Ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kuna mifupa miwili, kiganja kikitazama chini ile mifupa inapishana mmoja juu ya mwenzie, ukiugeuza wa salamu inakaa sambamba. Mausi za kusimama zimetengenezwa kwa wazo hilo. Logitech Lift kwa mfano imeinama nyuzi 57, imelengwa kwa mikono midogo na ya wastani, na ina toleo la mkono wa kushoto, kitu ambacho ni adimu sana. MX Vertical ina nyuzi hizohizo 57 ila ni kubwa, ya mkono mkubwa.

Mi naikubali sana hii aina lakini nikuambie mambo yake ili usiirudishe siku ya pili. Siku tatu nne za kwanza utakuwa mzito, mshale unapita pale unapotaka, unakosea kukliki, vumilia wiki nzima. Pili, vitufe vipo ubavuni kwahiyo ukikliki unaisukuma mausi pembeni badala ya kuibonyeza chini, kama kitufe ni kigumu au mausi ni nyepesi mno inasogea wakati unakliki na unakosa kile ulichokilenga, ndo maana kwenye hizi ulaini wa kitufe ni muhimu mara mbili. Tatu, ni ndefu kwenda juu, ukitoa mkono kwenye kibodi kwa haraka unaigonga inaanguka, utazoea. Na saizi bado inahusika, mausi ya kusimama kubwa kwa mkono mdogo inalazimisha gumba lijitanue na hapo unahamisha maumivu tu kutoka kifundo kwenda kwenye gumba. Kwa kazi za kuchora au kuhariri picha kwa umakini wengi wanarudi kwenye ya kawaida, na sio kosa, unaweza ukawa nazo zote mbili ukabadilisha kulingana na kazi.

Za mpira ni zile ambazo mausi yenyewe haisogei, unazungusha mpira kwa kidole. Zipo za gumba, kama Logitech Ergo M575, na zipo za vidole vya katikati ambazo mpira uko juu mkubwa, kama Kensington Expert Mouse. Bega na kiwiko vinapumzika kabisa maana mkono hauendi popote, na zinafaa sana kama meza ni finyu. Lakini kama gumba lako lina historia ya kuuma kwa sababu ya simu, usichukue ya gumba, chukua ya vidole, kwa sababu kazi yote iliyokuwa inafanywa na mkono mzima unalibebesha gumba peke yake. Na uwe tayari kuutoa ule mpira mara kwa mara usafishe, ndani kuna vitu vidogo vitatu vinavyoushikilia na uchafu wa mkono unakusanyika hapo, mpira ukianza kukwama ndo hapo.

Inashangaza ukifikiria kwamba mausi ya kwanza kabisa, ile aliyobuni Douglas Engelbart na mwenzake Bill English akaiunda mwaka 1964 Marekani, ilikuwa kasha la mbao lenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja. Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba kitu hicho kinawezekana. Kuufikiria mkono kumekuja baadaye, na kwenye mausi nyingi za kutupiwa bure pamoja na kompyuta bado hakujafika.

Wanaotumia kushoto

Kama unatumia mkono wa kushoto angalia mausi kutoka juu kabla ya kitu kingine, chora mstari katikati kichwani mwako, pande zote mbili ziwe sawa. Yenye mbonyeo wa gumba upande wa kushoto ni ya mkono wa kulia na itakuumiza, hata ukigeuza vitufe kwenye setingi umbo halitageuka. Za pande sawa zipo nyingi na ukishaipata nenda kwenye setingi za mausi ubadilishe kitufe kikuu kiwe cha kulia. Na kwa wa mkono wa kulia pia, jifunzeni kutumia kushoto kwa kazi nyepesi kama kusoma na kuskroli. Mi nilijilazimisha wiki mbili na sasa hivi mchana nabadilisha mkono bila kufikiria.

Waya, DPI na hayo mengine

Hapa sikai sana. Waya hauna ubaya wowote isipokuwa ukiwa mgumu, ukavuta mausi kila unapoisogeza. Ukinunua ya waya, ukunje waya wenyewe kwa vidole, ukiwa unarudi kama chemchemi achana nayo. Isiyo na waya inakuja ya kichomeo cha USB, kile kidude kidogo unachochomeka kwenye kompyuta, au ya Bluetooth, au vyote viwili, na kama kompyuta yako ina matundu machache ya USB hiyo yenye vyote ni bora. Kitu kimoja ambacho kimesumbua wengi bila kujua, kile kichomeo, kinachotumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, ukikiweka jirani na tundu la USB 3 lenye flashi au diski ngumu ya nje inayofanya kazi, mausi inaanza kurukaruka na kukwama, watu wanajua mausi imekufa. Kihamishe upande wa pili wa kompyuta, au kiweke kwenye waya mfupi wa USB kikae mbali kidogo.

DPI ni hesabu ya ni hatua ngapi mausi inazisoma ukiisogeza inchi moja, yani sentimita 2.54. Kati ya 800 na 1600 inatosha kazi za kila siku, kwa skrini kubwa yenye picha nzito panda kidogo. Ile 16,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha huitumii. Kwa mkono maana yake ni hii, ikiwa chini sana unapiga mkono mwendo mrefu kuvuka skrini, bega linachoka, ikiwa juu sana mshale unatetemeka na unakaza vidole ili uudhibiti, na kukaza vidole ndo chanzo cha mambo mengi. Weka mahali ambapo mshale unavuka skrini nzima kwa msogeo mmoja wa mkono kutoka kwenye kiwiko bila kuinyanyua mausi.

Zile zenye mpira laini pembeni ni tamu kushika zikiwa mpya, lakini nyingi baada ya muda ule mpira unayeyuka unanata kama gundi, hasa kama viganja vyako vinatoa jasho. Plastiki yenye ukwaruzo inadumu zaidi. Na ukianza kuona umekliki mara moja ila faili limefunguka kama umekliki mara mbili, ni swichi ya ndani imechoka, nilivumilia hilo miezi mitatu kwenye mausi fulani nikiwa nabonyeza kwa nguvu zaidi ili itii, na kubonyeza kwa nguvu ndo kitu cha mwisho mkono mbovu unachohitaji. Usivumilie.

Mahali unapoiweka

Unaweza ukanunua mausi inayokutosha kabisa ukaiweka mahali pabaya ukaumia vilevile. Kibodi kubwa yenye namba upande wa kulia ina urefu wa kama sentimita 44, isiyo na zile namba ina kama 36, yani mausi inasogea karibu na mwili sentimita 8, na hizo sentimita 8 bega linazisikia. Kama hutumii zile namba, kibodi fupi inaweza kukusaidia kuliko mausi mpya. Kama unazitumia kama mimi, basi isogeze kibodi kushoto wakati ambao huandiki.

Kiwiko kikae karibu na mbavu, mkono uwe sambamba na meza au ushuke kidogo, meza ikiwa juu pandisha kiti na uweke kitu chini ya miguu. Msogeo utoke kwenye kiwiko, sio kukata kifundo kushoto kulia. Angalia pia ndani ya kifundo chako jioni, ukikuta mstari mwekundu umelala kama alama ya raba, huo ni ukingo wa meza umekubana palepale ule mshipa unapopita. Zile pedi zenye mto wa jeli watu wanazitumia vibaya, wanalaza kifundo juu ya mto na wanaendelea kukliki. Mto ni wa kuegemeza sehemu ya chini ya kiganja ukiwa umepumzika, ukianza kusogeza mausi mkono uwe huru.

Ukishainunua tunza risiti na kasha, itumie wiki mbili za kazi za kawaida. Siku za kwanza usihukumu, misuli inajifunza upya na inaweza kuchoka mahali papya. Kuanzia siku ya tano hivi jiulize jioni, vidole vinanyooka kirahisi? Kidole cha mwisho kiko wapi? Bega limepanda karibu na sikio au limeshuka? Yangu ya sasa ni ya sentimita 12 na kidogo, na baada ya miezi kadhaa niliipeleka dirishani nikaona mng'ao umeanza kutokea kwenye nundu, pale kiganja kinapolala. Ganzi ya asubuhi iliondoka taratibu, na kile kifaa cha usiku nilikivaa kama nilivyoambiwa mpaka mwisho, kwahiyo siwezi kukuambia kipi kilifanya nini.

Lakini kama vidole vinakufa ganzi usiku, au unaanza kuangusha vikombe, au ile nyama iliyo chini ya gumba inaonekana kama inapungua, usinunue mausi nyingine kwanza. Nenda hospitali wiki hiihii, na uende na mausi yako kwenye mfuko umuoneshe daktari unavyoishika.